Uzee si ugonjwa, na macho mekundu si uchawi

Mjini Tabora na vijijini kwake, mzee anapobadilika tabia husikika kauli mbili. Ya kwanza husemwa kwa upole: "Ni uzee tu, mwacheni." Ya pili hunong'onwa, na mara nyingi huanzia nyumba ya jirani: "Yule bibi si bure." Kauli hizi zinaonekana kama hazina undugu, kwa kuwa moja ina huruma na nyingine ina hatari. Lakini fuatilia zinakoishia. Aliyeambiwa ni uzee hakupelekwa zahanati, na aliyeambiwa si bure hakupelekwa pia. Wote wawili wamebaki na maradhi yao ndani ya nyumba.

Kila Oktoba 1, Siku ya Kimataifa ya Wazee iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990, tunakumbushwa majukwaani kwamba wazee ni hazina. Ni kweli. Hata hivyo kauli hiyo haimsaidii mtu wa Igunga au Kasulu anayejiuliza kwa nini mama yake, aliyekuwa mtu wa watu, sasa anamtuhumu mkwe wake kila siku kwamba amemwibia kanga. Mtu huyo anahitaji kuelezwa kinachotokea. Asipoelezwa na sisi, ataelezwa na mpiga ramli.

Kinachotutatiza ni kwamba tunachanganya mambo matatu: umri, maradhi na ufukara. Umri haukwepeki. Maradhi mengi ya wazee yana tiba au yana nafuu. Ufukara una sababu zake, nyingi zikiwa za kibinadamu kabisa. Tukiyaita yote "uzee", tunayafanya yote yasikwepeke.

Mzee ni nani?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Mtumishi wa umma naye anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na 60. Hiyo ndiyo hesabu ya ofisini. Kijijini hesabu ni nyingine. Mtu huitwa mzee kwa sababu ana wajukuu, ana mvi, au anakaa na banamhala, yaani wazee wa ukoo, pale mambo ya ukoo yanapozungumzwa. Mkuu wa idara mwenye miaka 45 naye huitwa mzee, na hakuna anayekosea kumwita hivyo.

Shida huja hesabu hizi mbili zinapogongana. Mama wa miaka 54 aliyelima tumbaku Urambo tangu usichana, mgongo umepinda, kijiji kizima kinamwita bibi, lakini akienda kuomba msamaha wa matibabu ya wazee hajatimiza umri. Baba wa miaka 68 anayeendesha baiskeli kutoka Uyui hadi mjini na gunia nyuma, akijitambulisha kuwa ni mzee, watu hawamwamini. Watu wawili wenye umri mmoja wanaweza kutofautiana sana miilini mwao, na kadiri umri unavyosogea ndivyo tofauti hiyo inavyopanuka. Kwa hiyo "wazee wako hivi" ni sentensi ambayo karibu kila mara haina ukweli.

Kuna pia kosa la hesabu linalorudiwa sana. Watu husikia kwamba zamani wastani wa kuishi Tanzania ulikuwa kama miaka 40, halafu wanasema babu zetu walikufa wakiwa na miaka 40. Wengine husema kinyume, kwamba zamani kila mtu alifika mia. Wastani ule ulikuwa mdogo kwa sababu watoto wengi walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano, na vifo hivyo vilivuta hesabu yote chini. Aliyevuka utoto aliweza kuzeeka vizuri, ndiyo maana wazee walikuwepo. Kilichobadilika ni kwamba sasa wanaovuka ni wengi zaidi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 3,391,679 mkoani Tabora na 2,470,967 Kigoma. Nchi nzima, waliofikisha miaka 60 ni takriban asilimia 6. Na anayetimiza 60 leo anaweza kutarajia zaidi ya miaka 15 mingine. Hicho ni kipindi kirefu mno kukiita mwisho wa maisha.

Umri na maradhi

Itazame miembe ya zamani ya Tabora, ile ambayo mingine husemwa ilipandwa enzi za misafara ya biashara. Mwembe wa miaka mingi unaweza kuzaa kidogo kuliko ulivyozaa ujanani, gome limekunjamana, matawi hayarefuki kwa kasi. Huo ni umri. Lakini mwembe huohuo ukianza kukauka upande mmoja, mwenye nao hasemi ni mzee tu. Anafukua shinani kutafuta mchwa. Binadamu anapokauka upande mmoja, wengi wetu hatufukui.

Yapo mabadiliko ambayo kweli ni ya umri. Kuanzia miaka ya arobaini, jicho hushindwa kuona vizuri vitu vya karibu, na miwani ya kusomea hutosha. Jina la mtu hukawia kuja mdomoni. Usingizi huwa mwepesi. Misuli hupungua, ingawa hurudisha nguvu kwa kazi na mazoezi hata kwa mtu wa miaka 80. Hamu ya maji nayo hupungua, jambo ambalo watu wachache wanalijua: mzee anaweza kukaukiwa na maji mwilini bila kusikia kiu, na kwenye joto la Oktoba huku kwetu hilo si dogo.

Yapo mengine ambayo tunayapa jina la uzee kwa kosa. Kushindwa kuona kwa sababu ya mtoto wa jicho ni ugonjwa unaoondolewa kwa upasuaji mfupi, mgonjwa akiwa macho. Kuanguka mara kwa mara kuna sababu: presha inayoshuka anaposimama, dawa zisizopatana, uoni hafifu, au miguu iliyoishiwa nguvu. Mkojo kumtoka bila kujizuia kuna chanzo kinachoweza kutafutwa. Huzuni ya miezi, mtu hali chakula na anasema heri afe, ni maradhi ya sonona, na mzee anastahili kutibiwa sawasawa na kijana.

Kusahau

Hapa ndipo watu huuliza zaidi, na ndipo hatari kubwa ilipo, kwa hiyo tuende taratibu.

Babu akilisahau jina la mjukuu aliyetoka Dar es Salaam, halafu jioni akalikumbuka na kucheka, hana tatizo. Babu akipotea njia ya msikitini aliyoipita miaka thelathini, au akauliza swali lilelile mara kumi asubuhi moja na kila mara kwake likawa jipya, ubongo wake unaumwa. Maradhi ya namna hii, ambayo huharibu kumbukumbu, uamuzi na tabia, yako ya aina kadhaa. Linaloongoza ni Alzheimer, lililopewa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliyelieleza mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na maradhi haya, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Shirika hilo linasisitiza kwamba hayamo katika uzee wa kawaida. Wazee wengi hawayapati kamwe.

Tiba ya kuyaondoa bado haijapatikana. Lakini jopo la wataalamu lililoripoti katika jarida la Lancet mwaka 2024 lilikadiria kwamba karibu asilimia 45 ya visa vyake duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo 14, yakiwemo presha, kisukari, uziwi usiotibiwa, uoni usiotibiwa, kukosa elimu utotoni na upweke. Utaona kwamba mengi hapo ni mambo ambayo zahanati au familia inaweza kuyafanyia kazi mapema.

Mgonjwa wa namna hii huweza kumshuku mtu wa karibu kwa wizi. Kanga ameiweka mwenyewe mahali, hakumbuki, na akili yake inajaza pengo: kama haipo, imeibwa, na aliye karibu ni mkwe. Mkwe anayeelewa hivyo huumia kidogo. Asiyeelewa huanza vita.

Lipo pia kuchanganyikiwa kwa ghafla, ambako ni jambo tofauti kabisa. Juzi bibi alikuwa anapepeta mchele na kukemea wajukuu, leo anaongea na marehemu mumewe na hajui yuko wapi. Uzee haufanyi kazi kwa siku mbili. Kwa mzee, malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, kupungukiwa maji, sukari kushuka au kuchanganya dawa huweza kuivuruga akili kabla hata homa haijaonekana. Hii ni dharura. Wengi hurudi katika akili zao wakitibiwa mapema, na baadhi hufa wakikalishwa ndani kwa sababu familia imeamua "anaaga" au "amerushiwa kitu". Kama kuna jambo moja ningetaka lisambae kutoka Sikonge hadi Kibondo, ni hili.

Usiku

Dalili za maradhi ya kumbukumbu mara nyingi huzidi jua linapozama. Mwanga hupungua, uchovu umejaa, na saa ya mwili iliyoko kwenye ubongo imeharibika, kwa hiyo mgonjwa hulala mchana na kuamka usiku. Anaamka akiamini anatakiwa kwenda nyumbani, na nyumbani anakokutaka ni kwa wazazi wake, nyumba ambayo huenda ilibomoka miaka hamsini iliyopita. Anatoka. Anaweza kuwa amevua nguo kwa joto, au kwa kudhani anakwenda kuoga. Alfajiri anakutwa uani kwa mtu, haelewi amefikaje.

Sote tunajua habari hiyo inavyosimuliwa baada ya hapo. Mchawi ameishiwa nguvu, ungo umemwangusha. Watu wanajaa, simu zinapiga picha, mwingine anaokota jiwe. Mgonjwa aliyepotea njia anageuzwa mhalifu kwa sababu tu amekutwa usiku, bila nguo, bila maelezo. Na yeye ndiye mtu asiyeweza kujieleza kuliko wote waliopo pale.

Macho mekundu

Kwa miongo kadhaa, katika Unyamwezi, Usukuma na maeneo ya jirani, wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yametajwa mara kwa mara kama ushahidi. Ripoti za haki za binadamu nchini zimehesabu vifo vya namna hii kwa mamia.

Jicho jekundu lina historia ndefu na moshi. Mwanamke aliyeanza kupuliza moto wa mafiga akiwa na miaka saba amekaa moshini zaidi ya nusu karne. Sehemu za Igunga na Nzega ambako kuni zimeadimika, samadi kavu hutumika jikoni, na moshi wake ni mkali. Kwenye maeneo ya tumbaku kuna pia moto wa mabani, yale majengo ya kukaushia majani ya tumbaku. Ongeza vumbi la kiangazi, macho makavu kwa sababu machozi hupungua na umri, kinyama kinachoota juu ya jicho, na trakoma, ugonjwa wa kuambukiza ambao ukiachwa hugeuza kope kuelekea ndani zikawa zinakwaruza mboni. Jicho jekundu lenye maumivu makali na kichwa kuuma huweza kuwa presha ya jicho, ambayo hupofusha haraka. Mama huyu alihitaji daktari wa macho. Alichopata ni kuogopwa.

Msomaji ataniuliza: kwani uchawi haupo? Simwombi mtu aache imani yake ili akubaliane na makala haya. Naomba tu tuulize kama alama tunazozitumia zina uhusiano wowote na tunachotuhumu. Jicho jekundu ni ushahidi wa moshi. Kutembea usiku ni ushahidi wa ubongo unaoumwa. Kuongea peke yake ni ushahidi wa upweke, au wa uziwi, au wa maradhi yanayomfanya mtu aone watu wasiokuwepo. Anayeamini uchawi na asiyeamini wote wanaweza kukubali hivyo.

Tena tuangalie nani hutuhumiwa. Mara nyingi ni mjane, anaishi peke yake, watoto wako mbali, na ana shamba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, lakini Tamko la Sheria za Mila la 1963, linalotumika katika sehemu nyingi za bara, linamweka mjane nje ya urithi kwa maelezo kwamba atatunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa Shinyanga walilipeleka suala hili hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati ikaona haki zao zimevunjwa. Pale mila inaposema mjane hana chake na yeye bado amekaa juu ya ekari kumi, tuhuma huwa njia fupi ya kumwondoa. Mtoto wa ndugu anaugua, mpiga ramli anaulizwa, jina linatoka. Serikali imeshapiga marufuku ramli chonganishi, na ni vizuri kuzitenga na kazi ya waganga wa mitishamba, maana wengi wao hawataji jina la mtu yeyote.

Baadhi ya wanazuoni wameeleza pia kwamba uhamisho wa vijiji katikati ya miaka ya 1970 uliwakusanya watu waliozoea kuishi mbalimbali na kuwafanya majirani wasiojuana, na hofu ikapata pa kukaa. Leo kaya zinahama tena, kutafuta malisho na mashamba mapya Kaliua na kwingineko. Mzee anayebaki anazungukwa na watu ambao hawakumjua alipokuwa na nguvu. Kwao, hakuwahi kuwa mtu mwingine.

Mzigo wa nani?

Husemwa kwamba wazee ni mzigo kwa vijana. Angalia nani aliwalea watoto waliofiwa na wazazi wakati Ukimwi ulipokuwa ukiua bila dawa. Angalia nani analea sasa wajukuu ambao wazazi wao wako mijini wakitafuta riziki. Mkulima wa miaka 70 wa Kigoma bado anapalilia migomba na kuchuma michikichi, kwa sababu hajawahi kuwa na mwajiri wa kumlipa pensheni. Mjadala mkubwa wa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, ulihusu wastaafu wa mifuko ya pensheni. Wazee wengi wa Tabora na Kigoma hawamo humo hata kidogo.

Katika fedha kuna mkanganyiko mwingine. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mkazi mwenye miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Tanzania Bara haina malipo ya aina hiyo. Fedha za TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambazo wengi huziita pesa za wazee, hulipwa kwa kaya maskini zilizotambuliwa. Mzee anaweza kuzikosa na kijana mwenye watoto akazipata. Msamaha wa matibabu nao ni kwa wazee wasio na uwezo waliotambuliwa. Kwa hiyo mhudumu anayemwuliza mzee kitambulisho huenda anafuata utaratibu tu. Lakini mzee asiyeambiwa mapema kwamba kitambulisho kinahitajika hurudi nyumbani akiamini amefukuzwa, na hatakuja tena. Katiba, ibara ya 11, inataja haki ya mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee. Haki hiyo haimfikii asiyejua pa kuanzia.

Tunavyojiona wenyewe

Daktari wa Marekani, Robert Butler, alilipa jina tatizo la kumdharau mtu kwa umri wake mwaka 1969: ubaguzi wa umri, sawa na ubaguzi wa rangi au jinsia. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliripoti kwamba duniani kote, mtu mmoja kati ya wawili ana mtazamo wa kibaguzi kuhusu wazee. Huku kwetu tunadhani hatumo, kwa sababu tunatoa shikamoo. Shikamoo ni jambo zuri na nisingependa ipotee. Lakini mtu anaweza kumwamkia mzee kwa adabu zote kisha akamzungumzia mbele yake kwa daktari kana kwamba hayupo: "Anaumwa mgongo, hali vizuri." Mzee mwenyewe hakuulizwa.

Mtazamo huu humrudia mwenye nao. Becca Levy wa Chuo Kikuu cha Yale aliwafuatilia watu 660 wa mji mdogo wa Ohio waliokuwa na miaka 50 na kuendelea. Katika matokeo aliyochapisha na wenzake mwaka 2002, waliokuwa na picha njema ya kuzeeka kwao waliishi wastani wa miaka 7.5 zaidi ya wenye picha mbaya, hata baada ya kuzingatia afya na kipato chao. Utafiti mmoja hauthibitishi kwamba mawazo peke yake hurefusha maisha. Njia mojawapo inaeleweka kirahisi, hata hivyo: anayeamini kwamba maumivu ni sehemu ya uzee haendi kutibiwa, na anayeamini kwamba amekwisha haoni haja ya kutembea, kula vizuri wala kumeza dawa za presha.

Pa kuanzia

Mwenye mzazi aliyebadilika ghafla asisubiri asubuhi. Mwenye mzazi anayesahau taratibu aende naye kituo cha afya akiwa ameandika tangu lini, anatumia dawa gani, na kama anasikia na kuona. Apimwe presha, sukari na macho kabla ya kusema lolote kuhusu ubongo. Anayetembea usiku huhitaji taa ndogo inayobaki ikiwaka, mlango wenye komeo asilolizoea, na majirani walioambiwa wazi, mchana, kwamba mama anaumwa ugonjwa wa kusahau, akionekana nje arudishwe. Kuwaambia majirani ndiyo sehemu ngumu, kwa kuwa familia huona aibu. Siri hiyo ndiyo inayomweka hatarini.

Kuhusu umri, wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa na mwaka walioandikiwa ulikisiwa na karani. Kabla mzee hajaugua, kitazamwe kitambulisho chake cha taifa (cha NIDA) kimeandika nini, na kama umri umekosewa marekebisho yaanze. Jina lake lifikishwe kwa mtendaji wa kijiji au mtaa na kwenye baraza la wazee la hapo, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri aulizwe utaratibu wa kadi ya msamaha. Pale kunapokuwa na tetesi dhidi ya mzee, afisa huyo na polisi waambiwe wakati bado ni tetesi.